Makwazo ya Kufuma Mifuko ya Mikono Yenye Nakshi



Katika nyumba nyingi za waalimu twaona kikapu chenye sindano za kufumia na donge la uzi. Akina mama hufuma kofia za watoto wachanga, soksi, na fulana za kuvaa wakati wa baridi, na wasichana hujifunza kwao. Mtu akisha kuizoea kazi ya rangi moja, moyo humtuma aende mbele, afume kwa rangi mbili. Tena wako ndugu zetu waliohamia Norwei, Uswidi, Kanada na Marekani, ambako maji ya ziwa hugeuka kuwa kama jiwe wakati wa baridi, na mtu asiyefunika mikono yake aweza kupoteza vidole. Hao huiona mifuko ya mikono yenye nakshi ambayo wenyeji huivaa, wakaitamani, wakaanza kuifuma. Lakini wengi huiweka chini kabla hawajafika kwenye kidole gumba, wasiirudie tena.

Mwezi huu twataka kueleza kwa nini kazi hii huwashinda watu, na jinsi ya kuyaondoa makwazo yake moja moja. Yule aiachaye hudhani ya kuwa mikono yake haikuumbwa kwa kazi hiyo. Sivyo. Karibu makwazo yote ya kazi hii huzaliwa upande wa ndani, mahali pasipotazamwa, nayo hutokea upande wa nje baada ya siku nyingi. Ajifunzaye kutazama ndani mapema amekwisha kushinda nusu ya taabu.

MIFUKO HII NI NINI, NA ILITOKA WAPI

Mfuko wa mkono tunaounena hapa si ule wenye vyumba vitano kwa vidole vitano. Huu una vyumba viwili tu: kimoja kwa vidole vinne pamoja, na kimoja kwa kidole gumba. Vidole vinne vikikaa pamoja hupashana joto, kama watoto walalao kitanda kimoja. Ndiyo sababu watu wa nchi za baridi kali hupenda mfuko wa namna hii.

Kazi hii ni ya zamani sana. Katika nchi ya Estonia, katika makaburi ya mahali paitwapo Jõuga, kilionekana kipande cha mfuko wa mkono uliofumwa kwa sindano, na wajuzi hukihesabu kuwa cha mwisho wa karne ya 13 au mwanzo wa karne ya 14. Katika nchi ya Latvia, msichana alianza tangu utoto wake kufuma mifuko ya mikono ya kutia katika sanduku la arusi, na siku ya arusi aliwagawia jamaa za mumewe. Desturi ile haikusahauliwa. Mwaka 2006, wakuu wa mataifa ya NATO walipokutana katika mji wa Riga, wafumaji wa Latvia waliwafumia wageni jozi 4,500 ziwe zawadi.

Lakini mifuko ijulikanayo zaidi ni ile ya Selbu, bonde lililo mashariki ya mji wa Trondheim katika nchi ya Norwei. Husimuliwa ya kuwa mwaka 1857 msichana mmoja, Marit Guldsetbrua, aliyezaliwa mwaka 1841, alifuma kwa uzi mweupe na uzi mweusi, akatia nakshi ya waridi lenye majani manane. Siku ya ibada yeye na nduguze wa kike wakaivaa mifuko ile kanisani. Watu wakaitazama, na kabla ya muda mrefu wanawake wengi wa bonde lile wakawa wakiiga nakshi ile na kuongeza zao. Nakshi yenyewe ya waridi la majani manane ilikuwa ya kale, ikijulikana katika vitambaa vya nchi nyingi. Jambo jipya lilikuwa kuitia katika mfuko wa mkono kwa rangi mbili.

Zamani watu wa Selbu walipata riziki pia kwa kuchonga mawe ya kusagia nafaka. Kazi hiyo ilipofifia mwanzoni mwa karne ya 20, fedha ya mifuko ya mikono ikawa msaada mkubwa katika nyumba nyingi. Mwaka 1934 wakaanzisha chama chao, Selbu Husflidscentral, kusimamia ubora wa kazi na bei yake. Basi mfumaji wa siku zile hakufuma kwa kujifurahisha tu. Mfuko wenye kasoro ulikuwa hasara ya chumvi na sukari ya nyumbani. Na tuyakumbuke hayo tunapoyasoma makwazo yafuatayo, maana watu wale walikutana nayo yote.

JINSI KAZI INAVYOKWENDA

Mfumaji hutumia sindano tano zenye ncha pande mbili. Vitanzi huwekwa juu ya sindano nne, na ile ya tano ndiyo ya kufumia. Hufuma kwa kuzunguka, duru baada ya duru, kuanzia kifundo cha mkono kwenda kwenye ncha za vidole. Katika kila duru yenye nakshi huzishika nyuzi mbili, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Mweusi ukifuma, mweupe hupita nyuma ukingoja zamu yake. Mweupe ukifuma, mweusi ndio ungojao. Hivyo upande wa nje huonekana waridi, na upande wa ndani huonekana nyuzi zilizolala kama miti ya dari. Nyuzi hizo za nyuma huufanya mfuko uwe na unene wa nguo mbili, na ndiyo siri ya joto lake.

Tuchukue mfuko wa vitanzi 64 kwa duru, wenye duru 80. Hesabu yake ni vitanzi 5,120, bila kidole gumba. Jozi moja basi hupita vitanzi 10,000. Kwa hesabu hiyo msomaji ataona kwa nini mtu hulia akiambiwa afumue.

KWAZO LA KWANZA: UZI WA NYUMA ULIOVUTWA

Hili ndilo mama wa makwazo yote. Mfumaji mgeni huogopa uzi usilegee, akauvuta kila abadilishapo rangi. Uzi wa nyuma ukiwa mfupi kuliko nafasi unayoipita, huvikusanya vitanzi pamoja kama kamba ya mdomo wa mfuko wa nafaka. Nje huonekana makunyanzi, na waridi hubonyea katikati. Baya zaidi ni kwamba kitambaa hakinyumbuki. Mfuko huonekana mzuri juu ya meza, lakini mkono haupiti, nao ukipita uzi hukatika.

Dawa yake ni hii. Kabla ya kubadili rangi, vinyoshe vitanzi vilivyo katika sindano ya kuume, vitengane kama vitakavyokaa mkononi, ndipo upitishe uzi mwingine nyuma pasipo kuuvuta. Kisha, kila baada ya duru tatu au nne, ingiza vidole ndani ya kazi uvitanue. Nyuzi zikikwaruza vidole na kukaza kama nyuzi za zeze, zimevutwa. Zikilala tuli bila kuning'inia, ni vema.

Hatari huzidi penye pembe, yaani mahali sindano moja inapoishia na nyingine inapoanzia, maana pale uzi hukata njia ya mkato. Wafumaji wengine huigeuza kazi ndani nje, wakafuma upande wa mbali, nyuzi za nyuma zikiwa upande wa nje wa mzunguko. Kwa kuwa njia ya nje ya mzunguko ni ndefu kuliko ya ndani, uzi hauwezi kufupika. Ni hila ndogo, lakini imewaokoa wengi.

KWAZO LA PILI: UZI WA NYUMA ULIO MREFU MNO

Mwingine husikia onyo la kwanza akalitii kupita kiasi, akaziacha nyuzi zimelegea. Au nakshi yenyewe ina nafasi kubwa ya rangi moja, na uzi wa pili hupita nyuma ya vitanzi tisa au kumi bila kushikwa. Mfuko ukisha kumalizika, mtoto huingiza mkono kwa haraka, kidole hunasa katika uzi ule kama ndege katika tanzi, uzi huvutika, na waridi la nje hupotoka.

Kanuni waifuatayo wengi ni kwamba uzi usipite nyuma ya vitanzi zaidi ya vitano pasipo kushikwa. Kuushika ni kuupitisha mara moja juu ya uzi unaofuma, ili ubanwe nyuma ya kitanzi. Lakini usiushike mahali pamoja katika kila duru, maana mahali palipobanwa duru baada ya duru hutokeza alama kwa nje kama mstari. Leo shika penye kitanzi cha tatu, duru inayofuata penye cha nne.

KWAZO LA TATU: KUDHARAU KIPIMO

Watu hupenda kuanza kazi siku hiyo hiyo walipopata uzi. Hawafumi kipande cha kupimia, kwa kuwa hukiona ni kupoteza wakati. Na tuhesabu. Mfuko wetu una vitanzi 64. Mkono wa mfumaji ukitoa vitanzi 32 katika sentimeta 10, mzunguko wa mfuko ni sentimeta 20, unaofaa watu wazima wengi. Akifuma kwa kulegeza, akatoa vitanzi 28 katika sentimeta 10, mzunguko utakuwa karibu sentimeta 23, na mfuko utavuka mkononi kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Akifuma kwa kukaza, akatoa vitanzi 36, mzunguko hautafika sentimeta 18. Karatasi ni moja, uzi ni mmoja, sindano ni zile zile. Tofauti imo mkononi mwa mtu.

Tena kipande cha kupimia sharti kifumwe kwa kuzunguka, kwa rangi mbili, kama kazi yenyewe itakavyokuwa. Anayefuma kwenda na kurudi hutoa kipimo kingine, na anayefuma kwa rangi moja kingine. Kioshe kipande hicho, kikauke, ndipo ukipime, maana uzi wa sufu hubadilika ukilowa maji. Ikiwa vitanzi ni vingi mno, chukua sindano nene zaidi. Ikiwa ni vichache, chukua nyembamba. Usijilazimishe kufuma kwa kukaza au kulegeza, maana mkono husahau amri hiyo baada ya nusu saa, ukarudia desturi yake.

KWAZO LA NNE: HESABU ILIYOPOTEA

Nakshi huandikwa katika karatasi ya miraba, kila mraba kitanzi kimoja, kila mstari duru moja. Mfumaji huzungumza na wageni, mtoto hulia, chungu hufurika, na akirudi hajui yupo mstari gani. Akipoteza kitanzi kimoja tu, waridi huanza kuhama upande, na kila duru ifuatayo hujengwa juu ya kosa la duru iliyotangulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Funika karatasi kwa kipande cha ubao au rula juu ya mstari unaoufuma, ili mistari uliyoimaliza ionekane na ile isiyofika ifichwe. Hivyo utailinganisha kazi iliyo mkononi na miraba iliyo chini ya rula, nayo ikitofautiana utajua papo hapo. Tia pia uzi mfupi wa rangi nyingine kati ya vitanzi, mahali pa mwanzo wa duru na mahali pa nusu yake, mgongo wa mkono unapokutana na kiganja. Ukifika kwenye alama na hesabu haikubali, kosa limo katika vitanzi 32 tu, wala huhitaji kulitafuta katika 64.

KWAZO LA TANO: WARIDI LISILOONEKANA

Mara nyingine hesabu ni sahihi, nyuzi hazikuvutwa, lakini waridi limefifia mahali pamoja na kukolea mahali pengine. Mfumaji huulaumu uzi. Sababu ni njia za nyuzi upande wa ndani. Nyuzi mbili zikipita nyuma, mmoja hupita juu na mmoja chini. Ule upitao chini hutoa vitanzi vikubwa kidogo, nao huonekana mbele. Ule wa juu hutoa vitanzi vidogo, nao hurudi nyuma. Mtu akibadilisha nafasi hizo kila aketipo kufuma, nakshi hukolea na kufifia kama taa yenye mafuta machache.

Basi amua tangu duru ya kwanza: rangi ya nakshi ipite chini, rangi ya uwanja ipite juu, na usibadili mpaka mwisho, hata katika mfuko wa pili. Ukiiacha kazi kwa siku nyingi, geuza ndani, tazama ni uzi upi ulikuwa chini, ndipo uendelee. Desturi hii huondoa na udhia wa nyuzi kusokotana, kwa kuwa kila uzi una njia yake. Donge moja liwe upande wa kuume, la pili upande wa kushoto.

KWAZO LA SITA: KIDOLE GUMBA

Hapa ndipo wengi wanapoiacha kazi. Mfumaji akifika mahali pa kidole gumba, hufuma vitanzi kadhaa, tuseme 13, kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine, kisha huvirudisha katika sindano ya kushoto na kuvifuma tena kwa nakshi, akaendelea kama kwamba hakuna jambo. Mfuko ukisha kumalizika, huuchomoa uzi ule wa muda, na papo hapo hufunguka mdomo wenye vitanzi chini na juu, naye huvichukua kwa sindano akafuma kidole.

Matata ni mawili. La kwanza ni woga, maana kuchomoa uzi katikati ya kazi iliyokamilika huonekana kama kupasua kanzu mpya. Woga huo hauna msingi, mradi uingize sindano katika vitanzi vya chini na vya juu kwanza, ndipo uchomoe. La pili ni matundu katika pembe mbili za mdomo ule. Hayo humtokea kila mtu. Okota kitanzi kimoja zaidi katika kila pembe, ukisokote unapokifuma, na tundu litajifunga. Likibaki dogo, uzi wa mwanzo wa kidole, ulioachwa mrefu kwa makusudi, utaliziba kwa sindano ya kushonea.

KWAZO LA SABA: MIFUKO MIWILI YA KUSHOTO

Katika mifuko ya Selbu, waridi hukaa mgongoni mwa mkono, na kiganja hupewa nakshi ndogo ndogo. Kwa hiyo mfuko wa kuume hauwezi kuvaliwa kushoto. Mfumaji aliyefurahi kumaliza wa kwanza huanza wa pili akiifuata karatasi ile ile, akaweka kidole gumba upande ule ule. Akimaliza huwa na mifuko miwili mizuri ya mkono mmoja.

Kabla hujaanza wa pili, lala wa kwanza juu ya meza, weka alama katika karatasi mahali kidole gumba kitakapokaa, upande wa pili wa kiganja. Na usiuchelewe. Mfuko wa pili ukianzwa baada ya miezi, mkono umebadilika: ulikuwa umekaza sasa umelegea, na jozi haitalingana. Wako wanaoanza yote miwili kwa pamoja, wakafuma kifundo cha kwanza na kifundo cha pili, kisha mwili wa kwanza na mwili wa pili, ili mkono usisahau. Tena nunua uzi wote wa kazi mara moja, uliotiwa rangi katika chungu kimoja, maana uzi mweusi wa chungu cha leo si sawa na mweusi wa chungu cha mwaka ujao.

KWAZO LA NANE: MAJI

Kazi imekwisha, na mtu huitia katika maji ya moto, akasugua kwa sabuni kama anavyosugua shati. Unywele wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto na kusugua huyafanya yashikamane, na mfuko wa mtu mzima hutoka ukimfaa mtoto, mgumu kama kipande cha blanketi. Jambo hilo haliwezi kurudishwa. Tumia maji ya vuguvugu, kandamiza taratibu, usikamue kwa kusokota, suuza kwa maji ya joto lile lile, kisha laza juu ya kitambaa mahali pa kivuli. Rangi nyekundu huchuja mara kwa mara, basi ijaribu kabla ya kuifuma: lowesha kipande cha uzi, kibane katika kitambaa cheupe, ukitazame baada ya saa moja.

Hata hivyo maji yamepata kumsaidia mtu. Katika kijiji cha Lovikka, kaskazini ya Uswidi, husimuliwa habari ya Erika Aittamaa, ambaye mwaka 1892 alifuma mifuko ya mikono kwa uzi mnene, na aliyeiagiza akanung'unika ya kuwa ameharibiwa uzi wake. Yule mama hakuitupa. Aliiosha, akaichana kwa chanio la sufu mpaka ikawa laini na yenye manyoya, na mwenye kuiagiza akaridhika. Hata leo mifuko ya namna ile huitwa kwa jina la kijiji chake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

KUFUMUA AU KUTOFUMUA

Sasa tumefika penye swali gumu. Mtu amefuma duru 60, naye ameona kosa katika duru ya 20. Afanyeje? Wengine husema kila kosa lifumuliwe, wengine husema kila kosa liachwe. Sisi twaona kwamba inafaa kuuliza swali moja: kosa hili litafanya nini mfuko ukiwa mkononi?

Ikiwa ni mraba mmoja au miwili ya rangi isiyo yake, usifumue. Chukua sindano ya kushonea na uzi wa rangi ipasayo, ufuate njia ya kitanzi kile juu yake, ukifunike. Hakuna atakayejua ila wewe. Ikiwa kitanzi kimeanguka, kiokote kwa kulabu, ukipandishe duru kwa duru. Lakini ikiwa nyuzi za nyuma zimevutwa, au kipimo si sawa, hakuna sindano ya kushonea itakayosaidia. Mfuko usioingia mkononi haumpashi mtu joto, hata ukiwa na waridi zuri namna gani. Huo sharti ufumuliwe, na heri leo kuliko kesho, maana kila duru unayoiongeza ni duru nyingine utakayoilipa.

Ili kufumua kusiwe msiba, fanya hivi. Kila baada ya duru 10 zilizo sahihi, pitisha uzi mwembamba laini kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote vya duru moja, uuache humo. Ukilazimika kufumua, vitanzi vitasimama penye uzi huo, wala havitakimbia mpaka chini. Utapoteza duru chache badala ya zote. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele. Uzungushe uwe fundo refu, uloweshe, uutundike ukauke, nao utanyoka tayari kwa kazi. Sufu nzuri haikatai kufumwa mara ya pili.

NENO KWA WAALIMU NA WAZAZI

Wako waalimu wanaomsifu msichana kwa upande wa nje wa kazi yake, wasiigeuze hata mara moja. Msichana huyo hujifunza kuficha. Akiletewa kazi, mwalimu na aigeuze kwanza, atie vidole ndani, amwonyeshe uzi uliovutwa ungali katika duru ya tano, wakati kufumua ni kazi ya dakika chache. Tena asimwaibishe mbele ya wenzake. Afumuaye mapema ameonyesha akili, naye astahili sifa kuliko yule aliyefika kwenye ncha za vidole na kazi isiyovalika.

Wala mwanafunzi asianze na waridi la majani manane. Na aanze na kofia ya mtoto yenye mistari miwili ya vitone vya rangi ya pili, ambamo uzi wa nyuma hupita vitanzi viwili au vitatu tu. Kisha afume kifundo chenye nakshi ndogo. Waridi lije mwisho. Na akina baba wanaomwona mkewe au binti yake akifumua kazi ya juma zima, wasicheke. Wachukue ncha ya uzi, wazungushe donge. Kazi ya kufumua huenda upesi sana ikiwa na watu wawili.

Basi kwa mwezi huu na tuishie hapo. Aliye na mfuko ulioachwa katika kikapu tangu mwaka jana, na autoe, augeuze ndani nje mbele ya mwanga wa dirisha, apitishe kidole juu ya nyuzi zake. Atajua mara moja kama ni wa kuendelezwa au wa kufumuliwa, na kwa vyovyote uzi wake bado ni mzima.